-ia, -ska, -sko, -ina: mkia wa jina la nchi unasema nini?

Leo tuangalie kitu chenye wengi wetu tunapitisha haraka tukisoma habari za Ulaya ya Mashariki: majina ya nchi za Waslavi. Poland, Slovakia, Slovenia, Kroatia, Ukraine, Belarus. Mimi ni mtu wa agronomia, si wa lugha. Lakini mwenye amezoea kutenga mzizi na shina anaona upesi kwamba majina nayo yanatengana vilevile.

Tuanze na Kiswahili chetu. Sisi alama ya nchi tunaiweka mbele. Warusi wako Urusi, Wafaransa wako Ufaransa, Wareno wako Ureno. Unatoa Wa-, unaweka U-, umepata nchi. Sasa jaribu hivyo na Ukraine. Inakataa! Hatusemi Wakraine, tunasema Waukraine, juu ile U si yetu, ni ya Waslavi wenyewe. Tutaifikia. Kwa sasa tushike hili: penye Kiswahili kinaweka kichwa, lugha za Kislavi zinaweka mkia. Na mkia ule unaonyesha mambo mawili: nani aliipa nchi jina, na anaiona namna gani.

1. Mkia -ia: njia ya Wagiriki na Walatini

Serbia, Bulgaria, Kroatia, Slovakia. Hii -ia ni ya Kigiriki na Kilatini. Waandishi wa zamani walichukua jina la watu, wakaongeza -ia, wakapata nchi. Kifaransa kikaigeuza kuwa -ie: Serbie, Bulgarie, Croatie, Russie. Njo maana sisi wenye tumesoma kwa Kifaransa tunazisikia zote kama zimetoka kwa mama mmoja.

Waslavi wengine waliikubali kabisa. Waserbia wanasema Srbija, Waslovenia wanasema Slovenija. Hata Warusi: nchi yao wanaiita Rossiya, jina lenye lilipitia Kigiriki cha Konstantinopoli. Jina la zamani lilikuwa Rus tu, bila mkia. Alama ya safari ile ingali inaonekana: lugha yao inaitwa russkiy, na u, lakini nchi ni Rossiya, na o. Ile o ni ya Wagiriki.

2. Mikia -ska na -sko: ngeli za Waslavi

Hapa msemaji wa Kiswahili ana bahati. Sisi tunasema kijiji kizuri, mji mzuri, maji mazuri: neno lenye linasifu linafuata ngeli ya jina. Waslavi nao wako hivyo, ila wao wanabadilisha mwisho wa neno, na ngeli zao ni tatu: ya kiume, ya kike, na ya kati. Kwa Kikroatia, lugha ni hrvatski jezik, ardhi ni hrvatska zemlja, bahari ni hrvatsko more. Tatu zote maana yake ni "ya Wakroatia".

Sasa nchi ya Kroatia, wenyewe wanaiitaje? Hrvatska. Yaani "ya Wakroatia", na neno ardhi limeachwa juu kila mtu analijua. Ni kama sisi tuseme "ya kwetu" na kila mtu aelewe ni nchi. Polska, jina la Poland, lilizaliwa njia hiyohiyo, kutoka kwa Wapolanie, kabila lenye jina lake wataalamu wengi wanalifunga kwenye neno pole, yaani shamba au uwanda. Mwanafunzi wa agronomia hawezi kukosa kufurahi: kuna nchi nzima ya Ulaya yenye jina lake linasema shamba.

Wacheki na Waslovakia wao wanapenda mwisho wa ngeli ya kati: Polsko, Rusko, Slovensko. Wacheki wenyewe ndio walipata shida na jina lao. Czechoslovakia ilipogawanyika tarehe 1 Januari 1993, Waslovakia walikuwa na Slovensko tayari. Wacheki walikuwa na neno Čechy, lakini lile linahusu Bohemia tu, upande wa magharibi. Watu wa Moravia wako wapi ndani yake? Česko, na mkia -sko, lilikusanya wote, lakini wengi walisema halipendezi masikioni. Serikali yao ilisubiri mpaka 2016 kwa kupeleka rasmi jina fupi la nchi Umoja wa Mataifa.

Hapa pia njo penye kunatokea mchanganyiko wenye unasumbua dunia nzima. Slovakia kwa lugha yake ni Slovensko. Slovenia ni Slovenija. Lugha ya kwanza inaitwa slovenčina, ya pili slovenščina. Mwanamke wa Slovakia ni Slovenka, na mwanamke wa Slovenia ni Slovenka vilevile! Mzizi ni mmoja, jina la zamani la Waslavi wote, na wengi wanalifunga kwenye slovo, yaani neno: watu wenye wanaelewana kwa maneno. Mkia peke yake njo unatenganisha nchi mbili zenye hata hazipakani.

3. Mkia -ina: eneo

Mkia -ina mara nyingi unataja eneo au ardhi yenye sifa fulani. Buk ni mti mkubwa wa misitu ya Ulaya, wenye wataalamu wa mimea wanauita Fagus. Bukovina ni eneo la miti hiyo, na leo limegawanyika kati ya Ukraine na Romania. Vojvoda ni mkuu wa vita, na Vojvodina, kaskazini mwa Serbia, ni eneo lake. Herceg ni cheo chenye kilitoka kwa Wajerumani, kwao Herzog. Mwaka 1448 mtawala Stjepan Vukčić Kosača alijipa cheo kile, na ardhi yake ikabaki na jina Hercegovina: herceg, kisha -ov- ya "mali yake", kisha -ina ya eneo. Mtawala alikufa zamani, lakini cheo chake kingali kwenye ramani.

4. Penye mkia unakuwa siasa

Sasa turudi kwa Ukraine. Jina hili linapatikana ndani ya habari za mwaka 1187 katika maandishi ya zamani ya Kyiv. Ndani yake kuna mzizi kraj. Huo unaweza kuwa "ukingo, mpaka", na unaweza kuwa "nchi". Kwa Kislovakia krajina ni nchi tu. Kwa Wakroatia na Waserbia, Krajina ni eneo la mpakani. Basi ubishi ni huu: Ukraine ni "pembeni", au ni "nchi yetu"? Mwenye anasema pembeni, lazima aulizwe: pembeni ya nani?

Ubishi ule umeingia hata ndani ya herufi moja. Kirusi kina na, yenye inatumika sana kwa visiwa na maeneo kadhaa, na v, yenye ni ya kawaida kwa dola. Kwa muda mrefu Warusi walisema na Ukraine. Tangu uhuru wa 1991 Waukraine wanadai v, juu wanataka kutajwa kama dola, si kama kipande cha dola ya mwingine.

Belarus ni vilevile. Tarehe 19 Septemba 1991 bunge lake lilibadilisha jina la nchi. Byelorussia ikawa Belarus. Bela ni nyeupe, na Rus ni ile dola ya zamani yenye mji mkuu wake ulikuwa Kyiv, si Moscow. Ukiongeza -russia, msikilizaji anafikiri ni kipande cha Urusi. Kifaransa chetu cha shule kingali kinasema Biélorussie, na tunairudia bila kuwaza.

Sisi wa nchi yenye iliitwa Zaïre mwaka 1971 na ikarudi kuwa Congo mwaka 1997, hatungoji mtu wa mbali atufundishe kwamba jina la nchi si mapambo. Basi tuwape wengine heshima yenye tunaitaka. Na mwenye anaandika barua ya kuomba bourse, aangalie mara mbili: Bratislava ni Slovakia, Ljubljana ni Slovenia. Ukikosea mkia, umeandikia nchi nyingine.