Risasi za nambari moja, bunduki tofauti: Siri iliyo katika ganda

MTU anapouawa kwa risasi katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, iwe ni Kayole, Dandora, Huruma au Mathare, taarifa ya kwanza huwa fupi. Maganda kadhaa ya risasi za milimita 9 yameokotwa, au kichwa cha risasi ya 7.62 kimetolewa mwilini. Wenyeji nao hufanya hesabu ya haraka. Ikiwa ni milimita 9, wapo wanaosema ni bastola ya polisi. Ikiwa ni 7.62, husemwa ni AK-47, na kwa hivyo ni majambazi.

Hesabu zote mbili zina kasoro. Nambari hiyo hutaja kwa makadirio upana wa risasi tu. Haitaji bunduki iliyotumika, sembuse mkono ulioifyatua. Kwa familia inayotaka kujua ni nani aliyemuua mtoto wao, tofauti hiyo ndiyo kesi yenyewe.

Risasi nzima ina sehemu nne. Kuna kichwa, ambacho ndicho huruka na kujeruhi. Kuna ganda, ambalo aghalabu ni la shaba nyeupe au chuma. Kuna baruti iliyomo ndani ya ganda. Na kuna fataki, kidonge kilicho kwenye kitako ambacho hulipuka kinapogongwa na pini ya bunduki. Baada ya kufyatuliwa, kichwa huenda zake na ganda hubaki. Wachunguzi huvihitaji vyote viwili.

Tuanze na milimita 9. Risasi iliyo maarufu zaidi katika jamii hii ni ile iliyobuniwa na Mwaustria Georg Luger mwaka 1902. Ganda lake lina urefu wa milimita 19 na kichwa chake kina upana wa milimita 9.01. Hiyo ndiyo risasi ya Ceska, bastola ambayo polisi wa Kenya wameibeba kwa miaka mingi. Lakini ipo pia risasi ya Makarov, bastola iliyoingia katika jeshi la Muungano wa Sovieti mwaka 1951. Nayo huitwa ya milimita 9, ingawa ganda lake ni la milimita 18 na kichwa chake ni kipana zaidi, milimita 9.27. Isitoshe, ni nyepesi: gramu 6 hivi, ikilinganishwa na gramu 8 za ile ya Luger.

Ndugu wa tatu ni risasi ya .38 inayotumiwa katika bastola za silinda. Jina lake humfanya msomaji adhani ni kubwa kuliko hizo nyingine, kwani inchi 0.38 ni zaidi ya milimita 9.6. Hata hivyo, kichwa chake hasa kina upana wa milimita 9.07 pekee. Jina lilitokana na upana wa ganda, si wa kichwa. Kichwa kilichobondeka kwa kugonga mfupa au ukuta wa mawe kinaweza basi kumchanganya hata mtu mwenye uzoefu akikitazama kwa macho matupu.

Kuna jambo jingine kuhusu bastola ya silinda. Haitupi maganda yake. Hubaki ndani hadi mwenyewe ayatoe. Kwa hivyo kukosekana kwa maganda kwenye uchochoro hakumaanishi kwamba hapakufyatuliwa risasi hapo.

Kwa upande wa bunduki ndefu, utata uko katika nambari 7.62. AK-47 ni 7.62. G3, bunduki ya Kijerumani ambayo imetumiwa na jeshi na polisi wa Kenya kwa miongo mingi, pia ni 7.62. Hata Tokarev, bastola ya asili ya Kisovieti, ni 7.62. Lakini ganda la Tokarev lina urefu wa milimita 25, la AK-47 milimita 39, na la G3 milimita 51. Risasi ya mojawapo haiwezi kutumika katika nyingine. Kichwa cha AK-47 kina uzito wa gramu 8 hivi na hutoka kwa kasi ya mita 715 kwa sekunde. Kile cha G3 kina takriban gramu 9.5 na hukaribia mita 800 kwa sekunde. Zote mbili hupenya mabati na mbao kwa urahisi, na ndiyo maana anayelala chumbani anaweza kufikiwa na risasi iliyofyatuliwa mbali na mlango wake.

G3 ina alama yake ambayo hata asiye mtaalamu anaweza kuitambua. Ndani ya chumba chake cha risasi mna mifereji myembamba inayopitisha moshi ili ganda litoke bila kukwama. Mifereji hiyo huacha mistari myeusi kwenye mwili wa ganda, kuanzia shingoni kuelekea kitakoni. Ganda la AK-47 halina mistari hiyo.

Hadi hapo mchunguzi amejua aina ya bunduki tu. Hatua inayofuata ni kutafuta bunduki yenyewe. Ndani ya mtutu mna mifereji inayojipinda ili kukizungusha kichwa cha risasi kiende sawa. Katika AK-47 mifereji hiyo hukamilisha mzunguko mmoja kila milimita 240. Katika G3 ni kila milimita 305. Aidha, kila mtutu huwa na mikwaruzo yake midogo iliyotokana na utengenezaji na matumizi. Pini nayo huacha shimo kwenye fataki. Mtaalamu hufyatua risasi ya majaribio kutoka kwa bunduki inayoshukiwa, kisha huilinganisha na ile ya tukio chini ya hadubini inayoonyesha zote mbili kwa pamoja.

Mbinu hiyo ilipata sifa jijini Chicago, Marekani. Mnamo Februari 14, 1929, wanaume saba walipigwa risasi na kuuawa na watu ambao baadhi yao walivalia sare za polisi. Umma ulishuku polisi. Daktari Calvin Goddard alizipima bunduki za polisi na kubaini kwamba hazikuhusika. Baadaye mwaka huohuo, bunduki zilizopatikana katika nyumba ya mhalifu Fred Burke zilioana na ushahidi. Ganda halimpendelei raia wala askari.

Hata hivyo, sayansi hii ina mipaka. Ripoti ya Akademia ya Kitaifa ya Sayansi ya Marekani ya mwaka 2009 ilionya kwamba ulinganishaji huu hutegemea sana uamuzi wa mtaalamu mwenyewe. Vilevile, zipo bastola za kujitengenezea, zinazofyatua risasi moja kwa wakati. Mtutu wake aghalabu ni laini, hauna mifereji, na kwa hivyo kichwa cha risasi hakipati alama za kawaida. Hapo ganda na shimo la fataki huwa ndiyo tegemeo kuu.

Kitako cha ganda husema jambo jingine: lilikotengenezwa na, mara nyingi, mwaka wake. Kenya ina kiwanda chake cha risasi mjini Eldoret. Mwaka 2008, utafiti wa shirika la Small Arms Survey katika eneo la Turkana Kaskazini ulitumia chapa hizo kulinganisha risasi za raia na za polisi. Ulihitimisha kwamba karibu nusu ya risasi zilizokuwa zikizunguka kinyume cha sheria huko zilitoka kwa polisi. Funzo lake linaihusu pia Nairobi: chapa huonyesha risasi ilikotoka, lakini haithibitishi ni nani aliyekuwa nayo siku ya tukio. Bunduki huibwa, na risasi huuzwa. Ni daftari la ghala la silaha, linaloonyesha ni afisa gani alichukua bunduki ipi na akarudisha risasi ngapi, ndilo huunganisha ganda na mtu.

Umuhimu wa mnyororo huo ulionekana Machi 30, 2020. Mvulana wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa katika roshani ya nyumba yao Kiamaiko, polisi walipokuwa wakitekeleza kafyu ya janga la korona. Inspekta Jenerali wa wakati huo, Hilary Mutyambai, aliagiza bunduki za maafisa waliokuwa mahali hapo zipimwe. Mnamo Juni mwaka huo, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aliidhinisha afisa mmoja ashtakiwe kwa mauaji.

Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya mwaka 2011 inataka kila kifo kinachotokana na nguvu za polisi kiripotiwe mara moja kwa mamlaka huru ya kusimamia utendakazi wa polisi, IPOA, na mahali pa tukio palindwe. Lakini sheria hailindi kitu ambacho kimekwisha kuokotwa. Ganda likitiwa mfukoni, likichezewa na watoto au likisogezwa kwa kiatu, huwa limepoteza nusu ya ushahidi wake, kwa kuwa mahali lilipoanguka huonyesha mfyatuaji alikosimama. Likipitia mikono mitano kabla ya kufika maabara, wakili atauliza mahakamani kama kweli ni lilelile.

Kwa hivyo mkazi aliyeona maganda ardhini hana haja ya kujua milimita zake. Akiweza, ayapige picha yakiwa yalipo, ahesabu ni mangapi, azuie watu wasiyakanyage, na akumbuke ni nani aliyekuja kuyachukua na saa ngapi. Anayeyaokota ili kuyahifadhi kwa nia njema huenda akawa ndiye aliyemwokoa muuaji.