Je, Mama Akizeeka Abadili Nguo?

Juma lililopita palitokea ubishi mkubwa katika bweni letu baada ya chakula cha jioni. Mmoja wetu alisema ya kuwa mwanamke akipita miaka arobaini hana budi kuacha nguo za maua na za rangi kali, avae za giza tupu, kwa maana hiyo ndiyo heshima yake. Wengi walimpigia makofi. Mimi sikusema neno, na wenzangu walistaajabu, maana najulikana kwa kusema sana. Sababu ya kunyamaza kwangu nitaieleza hapa.

Nyumbani kwetu ni Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, mwendo wa kilomita zipatazo 75 kusini ya Bujumbura. Mama yangu ana miaka 47, naye huuza ndagala. Baba alifariki miaka minne iliyopita, na baada ya mwaka tulifanya kuganduka, yaani shughuli ya kumaliza matanga, kama ilivyo desturi ya Warundi. Mwezi wa Desemba uliopita watu walikuja kumposa dada yangu, shughuli tunayoiita gusaba. Siku tatu kabla ya wageni kufika, mama alitoa kitenge kipya alichokuwa amekwisha kukishonesha, cha rangi ya manjano chenye ndege wekundu. Alikivaa chumbani, akageuka mara mbili, akaniuliza, "Mwanangu, wewe umesoma. Waonaje?"

Nikamjibu, "Mama, hicho ni cha wasichana. Watu watasema."

Hakubisha. Alikikunja akakitia sandukuni. Siku ya gusaba alivaa nguo yake ya samawati nzito, ile ile aliyoivaa siku ya kuganduka. Shangazi alinisifu mbele ya watu, ati nimeokoa nyumba na aibu, na sifa zile zilinifurahisha kwa siku mbili. Kisha picha zikaja. Ndani yake mama wa mchumba anaonekana kama mtu aliyekuja kutoa rambirambi. Siku hiyo hiyo dada akaniambia kwamba mama alikuwa akiweka akiba ya kitenge kile tangu mwezi wa Agosti, katika pindo la kanga yake, faranga moja moja za ndagala.

Basi nikaanza kuuliza: sheria hii niliyoisema kwa kinywa kipana, imeandikwa wapi?

Nilianza na dini, kwa sababu kila mtu niliyemwuliza aliniambia, "Ni mambo ya dini." Rumonge ni mji wa makanisa na misikiti pamoja, na Kiswahili chetu kilikuja kwa njia ya biashara ya ziwani, kutoka Ujiji. Katika Biblia nilisoma nyaraka za Paulo kwa Timotheo na ya kwanza ya Petro, mahali panaposemwa juu ya kusuka nywele, dhahabu na mavazi ya thamani. Maneno yale yanawahusu wanawake wote. Hayagawanyi vijana na wazee. Waraka kwa Tito unawataja wanawake wazee kwa jina lao hilo, walakini unasema juu ya mwenendo, kusingizia watu na kunywa divai nyingi. Rangi ya nguo sikuiona.

Nikaenda kwa jirani yetu, mzee mmoja anayefundisha watoto Kurani. Nilipiga hodi nikiwa na hakika kwamba kwake nitapata sheria yangu. Alicheka sana. Alinieleza kwamba aya ya 60 ya Sura ya An-Nur inawataja wanawake waliozeeka wasiotumaini tena kuolewa, na kwamba inawapa ruhusa ya kuweka kando nguo zao za juu, bila ya kuonyesha mapambo. Nayo yasema kwamba kujizuia ni bora kwao. "Waona, mjukuu wangu," akasema, "wewe wataka kumwongezea mwanamke mzigo kila mwaka, na hapa alipozeeka alipunguziwa." Kadhalika akanieleza habari ya eda. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi 4 na siku 10, na katika muda huo hujizuia na mapambo na manukato. Ikiisha, imekwisha.

Basi, dini zote mbili zinadai staha, na staha inamhusu msichana kama inavyomhusu bibi yake. Sheria ya miaka arobaini sikuiona.

Nikadhani labda ni desturi ya wazee wa kale. Lakini wazee wa kale wa nchi hii walivaa ngozi na nguo za magome ya miti yaliyopondwa; neno impuzu, ambalo Warundi leo hulitumia kwa nguo yoyote, ndilo ambalo jirani zetu Wanyarwanda huitia nguo ya magome. Vitambaa vya rangi tuliletewa na wafanyabiashara. Vitenge hivi tunavyoviona kuwa vyetu tangu Adamu vilianza kwa Wazungu wa Uholanzi kuiga batiki za Java. Kampuni ya Vlisco ilianzishwa katika mji wa Helmond mwaka 1846, na siku hizi vitenge vingi sokoni vinatoka China. Baadaye hata Bujumbura palikuwa na kiwanda, COTEBU, kilichofuma vitambaa na kuchapa vitenge. Kwa hiyo hapana babu wa kale aliyeweza kuweka sheria juu ya ndege wekundu wa kitenge.

Juu ya rangi ya giza nilipata jambo jingine, na hili liliniumiza kidogo. Huko Unguja, katika siku za utumwa, nguo za watumwa zilikuwa merikani, yaani pamba isiyotiwa rangi, na kaniki, nguo nyeusi au ya samawati nzito isiyo na ua wala pambo. Sheria ya kuondoa utumwa ilipotolewa kule mwaka 1897, wanawake waliopata uhuru waliziacha nguo zile wakashika kanga za rangi. Kununua kanga yenye maua kulikuwa ni kusema, "Mimi si mali ya mtu." Tena baadaye wengi wao walivaa na buibui, nalo ni jeusi, lakini lilikuwa alama ya cheo, maana awali mtumwa hakuruhusiwa kujifunika kama mabibi. Rangi moja, nyeusi, mara ni ya utumwa na mara ni ya heshima! Basi nguo ya samawati nzito niliyomchagulia mama yangu kwa heshima, miaka mia moja na ishirini iliyopita ingalifanana na ile ambayo mwanamke wa Ng'ambo alikuwa akiikimbia.

Sasa niseme habari ya kazi, kwa sababu kaka zetu wengi wanaofanya kazi mijini wamesahau ndagala huanikwaje. Wavuvi hutoka usiku na taa zao, na alfajiri wanawake huwangojea ufukoni. Samaki huwekwa mchangani au juu ya vichanja, hugeuzwa, hukusanywa mvua ikitisha. Ndagala ni mdogo, naye hupukutika magamba ya fedha yanayonata kila mahali. Mwambie mwanamke avae nguo ya giza katika kazi hiyo, na kabla ya saa tatu atakuwa anang'aa kama yeye ndiye samaki. Kwenye kitenge chenye michoro mingi magamba hayaonekani. Mama alinieleza hivyo nilipomwuliza, tena alinishangaa kwamba nimekula ndagala miaka kumi na tisa bila ya kuliona hilo. Wanawake wa ufukoni huwa na vitenge viwili: kimoja cha kazi, na kimoja safi cha kujitandia wakirudi nyumbani, ili wapite barabarani kama watu waliotoka kusali.

Sisemi kwamba umri hauna neno lolote. Bibi yangu, mzaa mama, amebadili nguo zake kweli. Nilipomwuliza kwa nini, nilitazamia hotuba juu ya heshima. Akaniambia kwamba magoti yake yanauma, basi huvaa gauni pana ili aweze kukaa mkekani na kuinuka bila ya kusaidiwa. Upepo wa ziwa jioni humwingia mifupani, basi hujitanda kanga ya pili. Kanga hiyo hiyo humbebea mjukuu mgongoni, hufunikia mboga, na katika pindo lake hukaa fedha. Viatu vya visigino aliviacha alipoanguka siku moja ya mvua. Juu ya rangi hakusema kitu; siku ile alikuwa amevaa zambarau na kijani pamoja.

Tena mbona hapana anayeuliza baba zetu wavae nini wakizeeka? Mtaani kwetu yuko mzee mmoja wa miaka sabini na zaidi, mwenye heshima kabisa, ambaye kila siku huvaa fulana ya mpira ya mtumba yenye jina la mchezaji wa Ulaya mgongoni. Hatumcheki. Twamwamkia, "Shikamoo, mzee."

Wakubwa wa serikali nao wamewahi kuingilia mavazi ya wanawake katika nchi zilizo karibu nasi. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na tangu Januari 1969 sketi fupi na suruali za kubana zilipigwa marufuku Dar es Salaam. Mwaka 1972 Idi Amin alikataza sketi fupi Uganda. Malawi walitunga sheria yao mwaka 1973, wakawakataza wanawake hata suruali, mpaka ikafutwa katika miaka ya 1990. Novemba 2014 wanawake wa Nairobi waliandamana kwa sababu wanaume walikuwa wamemvua mwenzao nguo hadharani. Katika mambo hayo yote aliyesemwa hasa alikuwa msichana. Mwanamke mtu mzima hana amri ya serikali juu ya nguo zake; yeye anatawaliwa na ulimi wa jirani, nao hauna siku ya kufutwa.

Wako wasioujali ulimi huo. Unguja palikuwa na mwimbaji Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, na watu wakimhesabia miaka karibu mia au zaidi. Aliimba na kupiga ngoma mpaka uzeeni, kanga kichwani na nguo za rangi mwilini, tena akivuta sigara mbele ya watu, na walimwengu walimpa tuzo ya WOMEX mwaka 2005. Lakini Bi Kidude alikuwa Bi Kidude. Mwanamke wa Rumonge anayetegemea majirani wamkopeshe chumvi na kumlindia ndagala wake mvua ikinyesha hawezi kuishi hivyo.

Hapo ndipo nilipofika kwenye kiini cha jambo, na sikufika peke yangu. Nilimwuliza shangazi, yule aliyenisifu: kama baba angalikuwa hai, mama angalivaa ndege wekundu, ingalikuwa aibu? Alifikiri kidogo, akasema, "La. Wangesema mumewe anamtunza."

Basi, kumbe! Miaka ya mama ni ile ile, kitenge ni kile kile. Kilichobadilika ni kwamba hana mume, na mjane akivaa nguo inayong'aa watu husema anatafuta bwana. Twasema "umri" kwa sababu ni neno la adabu. Nguo ya giza ni tangazo tunalomvika mama ili asomwe vema na watu wapitao njiani, na mtoto wa kiume wa nyumba, hata akiwa na miaka 19 na haujui ufukwe, ndiye anayejipa kazi ya kulibandika. Mimi nililibandika. Sikuwa na hofu juu ya heshima yake. Nilikuwa na hofu juu ya yangu, nitasemwaje mbele ya wakwe.

Wenzangu watanijibu kwamba watu watasema hata hivyo. Ni kweli, watasema. Shangazi atakuwa wa kwanza. Walakini nimehesabu: tangu matanga yaishe mama amelipa ada yangu ya shule mihula yote bila ya kuchelewa, na katika wasemaji hao sikumwona hata mmoja aliyekuja na faranga mia.

Harusi ya dada ni Agosti. Mama ameniletea barua kwa mkono wa dereva wa basi. Anasema kitenge kile amekitoa sandukuni, kimeingia mikunjo, na fundi atakirekebisha kwa sababu amenenepa kidogo. Fundi anauliza mikono iwe mifupi au mirefu, naye mama anataka nimwambie lipi linafaa, kwa kuwa mimi nimesoma.

Nimemjibu kwamba mwenye mikono ni yeye, na kwamba naomba anisamehe kwa neno la Desemba. Barua imeondoka Jumanne kwa dereva yule yule.