Kelele za ekzosi si nguvu za pikipiki

WAENDESHAJI wengi wa bodaboda huondoa ekzosi iliyokuja na pikipiki na kuweka nyingine yenye mngurumo, au humwagiza fundi aitoboe ile ya awali na kung'oa vizuizi vya sauti vilivyomo ndani. Imani iliyopo ni kwamba kelele zikizidi, nguvu nazo zimezidi. Aghalabu sivyo.

Ili petroli iteketee yote, kila gramu moja huhitaji takriban gramu 15 za hewa. Kiwandani, kabureta, chujio la hewa na ekzosi hupimwa pamoja ili uwiano huo usipotoke sana. Ekzosi ikifunguliwa, moshi hutoka kwa wepesi na hewa huingia kwa wingi, ilhali petroli inayopita katika vijitundu vya kabureta, ambavyo mafundi huviita jeti, haiongezeki kwa kadiri ile ile.

Mchanganyiko uliopungukiwa petroli huitia injini joto jingi. Valvu ya kutolea moshi huweza kuungua, na pistoni nayo ikadhurika. Kwa mtu anayelipia pikipiki kwa mkopo, kufunguliwa kwa injini ni siku kadhaa bila kazi huku deni likiendelea kudai.

Je, kila badiliko linahitaji kabureta irekebishwe? La. Ikiwa kilichobadilishwa ni sailensa ya nyuma pekee na chujio la hewa halijaguswa, mara nyingi kuizungusha kidogo skrubu ya kabureta hutosha, na pengine hata hilo halihitajiki. Lakini bomba zima likibadilishwa, na hasa kisanduku cha chujio kikitobolewa, huenda fundi akalazimika kuweka jeti kubwa zaidi na kuinua sindano ya kabureta.

Shahidi wa kuaminika ni plagi. Pikipiki iendeshwe kwa kasi, izimwe, kisha plagi ifunguliwe baada ya injini kupoa. Rangi ya kahawia hafifu ni dalili njema. Ikiwa nyeupe, petroli ni haba. Ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli imezidi na mwenyewe anaitupa pesa yake hewani.

Milio kama ya risasi mwendeshaji anapoachilia mafuta pia huashiria upungufu wa petroli. Hata hivyo, huenda chanzo kikawa gasketi kuukuu iliyorudishwa mahali bomba linaposhikana na injini, ikavuta hewa. Hapo kabureta haina hatia, na kuichokora ni kuongeza tatizo la pili.

Jambo jingine ambalo husahaulika ni mwinuko wa mahali. Kabureta iliyorekebishwa Eldoret, mita 2,100 hivi juu ya bahari ambako hewa ni nyepesi, itapungukiwa petroli pikipiki ikiteremshwa Mombasa.

Kwa injini ndogo ya sisi 100 au 150, nguvu zinazopatikana hata baada ya marekebisho yote hayo ni kidogo mno, na mara nyingine bomba lililo wazi hupunguza mvuto katika mwendo wa chini, ambao ndio bodaboda huhitaji ikibeba abiria na mzigo mlimani. Isitoshe, kanuni za kudhibiti kelele za 2009 chini ya sheria ya mazingira zinagusa pia kelele za vyombo vya barabarani.

Aliyekwisha kubadilisha asiiuze ekzosi ya awali. Ikirudishwa pamoja na gasketi mpya, na jeti za kiwandani zikiwa bado zimo, injini hurudia uwiano wake bila gharama nyingine.