Kompresa gani inafaa koperative yenu? Namna ya kuchagua mutambo wa kupompa mipira

Tomate hazingojeeke. Muhogo mubichi unaanza kuharibika kisha siku mbili ao tatu. Kahawa nyekundu yenye kuvunwa asubuhi inaomba kufika kwenye mashini ya kumenya siku ileile, juu ikilala ndani ya mufuko inaanza kuchacha na ladha yake inapotea. Maziwa ya Kabare na ya Walungu yanahesabu saa, hayahesabu siku. Kwa hiyo, gari ikisimama katikati ya Nyangezi na Kamanyola juu mupira umelala, hasara haiko ya shofere peke yake. Ni ya kila mwanamemba mwenye kuwa na muzigo juu ya ile gari.

Mupira hauko tu jambo la kutoboka. Mara nyingi unapoteza upepo polepole, na hakuna mutu anaona. Mupira wenye upepo kidogo unajikunja pembeni kila mara unapozunguka, unapata moto, unakula mafuta mingi, na siku moja unapasuka na muzigo juu. Mupira wenye upepo kupita kiasi nao unachakaa katikati na unarukaruka juu ya majiwe. Dawa ya yote mawili ni moja: kupima upepo, na kuwa na kitu cha kuongeza upepo karibu.

Hapa Bukavu hiyo haiko shida. Kutoka Kadutu mpaka Essence, kila mahali utakuta mutu mwenye kuandika QUADO juu ya mupira wa zamani, na kompresa iko pembeni yake. Lakini ukipita Kavumu, ukielekea Katana na Kalehe, ao ukipanda kuelekea Mwenga na Kamituga, quado wanakuwa wachache. Njo maana koperative nyingi zinajiuliza kama zinunue kompresa ya kubeba. Jibu linaweza kuwa ndiyo, lakini ile inayouzishwa mingi haiko kila mara ile munahitaji.

Kwanza, mujue mipira yenu inaomba upepo gani

Musianzie kwenye duka. Muanzie kwenye kiwanja cha koperative, na mupige hesabu ya mipira yote muko nayo. Hivi ni vipimo vya kawaida, kwa bari:

- Moto: mbele 1,7 hivi, nyuma 2 mpaka 2,3 ikiwa na muzigo.
- Pikapu ya namna ya Hilux: 2 mpaka 3, kufuatana na muzigo.
- Kamyo ya namna ya Fuso: 6 mpaka 7. Kamyo kubwa zaidi zinaweza kuomba 8.
- Mutambo wa kulima wa kusukuma kwa mikono: 1 mpaka 1,4.
- Trakta, mipira ya nyuma: 0,8 mpaka 1,6.

Hivyo ni vya kuwaongoza tu. Kipimo cha kweli cha gari yenu kimeandikwa kwenye karatasi ndogo yenye kubandikwa pembeni ya mulango wa shofere, ao ndani ya kitabu cha mutambo. Kile chenye kuandikwa pembeni ya mupira ni mwisho ambao mupira unaweza kuvumilia. Hakiko kile munapaswa kutia.

Mashofere wengi wanasema "kilo": tia kilo mbili, tia kilo mbili na nusu. Kilo moja na bari moja ni karibu sawasawa. Kompresa nyingi zinaandika PSI: bari 1 ni PSI 14,5. Kwa hiyo PSI 30 ni bari 2 na kidogo, na PSI 100 ni karibu bari 7.

Mupime asubuhi, mbele gari itembee. Joto likiongezeka kwa digri 10, mupira wa pikapu unapanda karibu bari 0,1 bila kuongeza kitu, na ule wa kamyo karibu 0,3. Mutu anayepima pale Kamanyola saa sita ya muchana, kisha kushuka mulima, anaona upepo ni mingi na anautoa. Kesho asubuhi mupira uko chini ya kipimo.

Aina ine za kompresa

1. Pompi ya miguu ao ya mikono. Musiicheke. Mupira wa moto unabeba litre 8 hivi za upepo tu, na kuujaza mpaka bari 2 ni kazi ya dakika chache za jasho. Haiombe batri, haiombe esansi. Kwa koperative yenye moto tu, pompi moja ya miguu yenye nguvu pamoja na kipimo kizuri cha upepo vinatosha.

2. Kompresa ndogo ya volti 12, ile ya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Inafaa pikapu na magari madogo. Haifai kamyo.

3. Kompresa ya volti 12 ya kushika moja kwa moja kwenye batri kwa makoleo mawili. Ni nzito zaidi, bei yake ni kali zaidi, na inapiga upepo mara mbili ao tatu kupita ile ndogo. Njo hii inafaa koperative yenye pikapu, trakta na kamyo ndogo.

4. Kompresa yenye mutungi, ya umeme wa volti 220 ao ya esansi. Ni ya kuwekwa kwenye depo, hata kama iko na magurudumu. Inajaza mupira wa kamyo bila taabu.

Kuna pia zile zenye batri yao ndani, za kuchaji. Ni nyepesi na zinafaa moto, lakini mbele ya safari inaomba kuhakikisha imejaa umeme. Kwenye depo isiyo na umeme wa kila siku, mutaikuta imezimika siku ileile munaihitaji.

Namna ya kusoma maandishi ya kwenye boksi

Boksi nyingi za kompresa ndogo zinaandikwa kwa herufi kubwa 150 PSI, ni kusema bari 10 hivi. Musomaji anasema: kamyo inaomba bari 7 tu, basi hii inatosha! Hapana. Ile namba inaonyesha mahali mutambo unaweza kufika ukisukuma kwa shida, haionyeshe utafika kwa wakati gani. Namba ya kutafuta ni litre kwa dakika.

Tupige hesabu. Kompresa ndogo inapiga karibu litre 30 kwa dakika. Kupandisha mupira wa pikapu kutoka 1,5 mpaka 2,5 kunaomba litre 60 hivi, ni kusema dakika mbili kwenye karatasi. Kujaza mupira wa Fuso kutoka sifuri mpaka bari 7 kunaomba karibu litre 400. Kwenye karatasi ni zaidi ya dakika 13. Lakini ile namba ya litre inapimwa kompresa ikipiga upepo hewani, bila kitu cha kuizuia. Kadiri mupira unajaa, litre zinapunguka. Dakika 13 zinakuwa 30 ao zaidi, na mbele ya hapo mutambo umeisha kuungua.

Juu ya hiyo, musome wakati wa kazi na wa kupumzika. Kompresa nyingi ndogo zinaomba kutumika dakika 10 ao 15, kisha kupumzika wakati uleule ao zaidi. Kama maandishi hayaseme chochote juu ya mapumziko, muuzishaji aeleze.

Na sisi tuko juu ya milima. Ziwa Kivu liko kwenye metre 1.460 hivi juu ya bahari, na hewa yetu iko nyepesi kupita ile ya Mombasa ao Dar es Salaam. Kila litre ambayo kompresa inavuta iko na hewa kidogo zaidi. Basi mukihesabu dakika 10, muweke 12.

Umeme unatoka wapi?

Hapa njo koperative nyingi zinapoteza feza.

Tundu la sigara kwenye gari liko na fizibu ya ampere 10 ao 15. Kompresa yenye kuomba zaidi itakata fizibu. Musiweke fizibu kubwa zaidi ili "ivumilie": waya njo zitaungua, na gari pamoja nazo. Kompresa kubwa inashikwa kwenye batri, na moteri ya gari ikitembea, vinginevyo mutajaza mipira ine na mutakosa nguvu ya kuwasha gari.

Batri ya moto ni ndogo sana. Musiishikishe kompresa ya gari.

Kamyo nyingi ziko na batri mbili, zenye kutoa volti 24 pamoja. Kompresa ya volti 12 ikishikwa kwenye zote mbili inaungua mara moja. Ishikwe kwenye batri moja tu, ile yenye waya wa minus unaoenda kwenye chuma cha gari. Ikiwa kamyo iko na breki za upepo, muulize mekanisye kama mutungi wake uko na mahali pa kushika tiyo. Mashofere wengi wanajaza mupira hivyo. Pengine tiyo ndefu yenye kipimo njo kitu pekee munahitaji kununua.

Kwa kompresa ya volti 220, umeme wa SNEL munaujua. Mukitegemea grupe, mufahamu kwamba kompresa ya wati 1.500 inaomba mara tatu ao zaidi wakati wa kuwaka. Grupe ndogo ya mukono haitaiwasha. Muhesabu kVA 4 ao 5, juu hapa kwetu milimani moteri ya esansi nayo inapoteza karibu sehemu moja kwa saba ya nguvu yake. Koperative yenye moteri ya mazuti ya kusaga ao ya kumenya kahawa inaweza kuuliza fundi kama ile moteri inaweza kuzungusha kompresa kwa mukanda.

Kwa wenye trakta: upepo na udongo

Kama mutu wa kilimo, hapa nataka kusimama kidogo. Uzito ambao mupira unakandamiza juu ya udongo unafuatana na upepo wenye kuwa ndani. Mupira wenye bari 2 unasukuma udongo wa juu karibu mara mbili kupita ule wa bari 1. Katika bonde la Ruzizi, kwenye udongo wa mufinyanzi wenye bado majimaji, trakta yenye mipira migumu inafunga udongo. Maji hayashuke, mizizi ya mahindi inakunjama, na mwaka unaofuata munalima kwa mafuta mingi zaidi.

Inafaa kupunguza upepo mbele ya kuingia shambani, mpaka kipimo cha chini ambacho kitabu kinaruhusu kwa ule uzito, na kuongeza tena mbele ya kurudi barabarani. Bila kompresa pembeni ya shamba, hakuna mutu atafanya hivyo. Ni vilevile kwa pikapu ndani ya matope: kupunguza upepo kidogo kunasaidia kutoka, lakini ni lazima kuurudisha mbele ya kukimbia.

Angalisho: mipira fulani ya nyuma ya trakta inatiwa maji ndani ili kuongeza uzito. Muzungushe mupira mpaka valvu ifike juu mbele ya kupima, kama sivyo maji yataharibu kipimo.

Upepo unaweza kuua

Mupira wa kamyo wenye bari 7 ni sawa na bomu. Hasa zile janti zenye pete ya chuma ya kufunga: pete ikiruka, inavunja kichwa cha mutu. Sheria ziko tatu. Usisimame mbele ya mupira, simama upande wa kukanyagia, na tiyo iwe ndefu yenye kujishika yenyewe kwenye valvu. Mupira wenye kutembea bila upepo usijazwe palepale. Utolewe na uangaliwe ndani, juu waya zake zinaweza kuwa zimevunjika. Kazi ya janti ya pete muachie fundi mwenye kizimba ao munyororo.

Kompresa yenye mutungi imwangwe maji kila jioni, juu kutu inakula chuma kutoka ndani. Valvu ya usalama isifungwe hata siku moja. Na musinunue mutungi wenye kutengenezwa kwa chupa ya gazi ya zamani, hata bei ikiwa nzuri.

Mbele ya kulipa, mujaribu hapohapo dukani

- Muende na gari yenu na kipimo chenu cha upepo. Vipimo vya kompresa za bei ya chini vinadanganya mara nyingi.
- Mutoe bari 1 ndani ya mupira mumoja, muurudishe, na muhesabu dakika.
- Mushike tiyo karibu na mutambo: ikilainika ao ikinuka kuungua, muiache.
- Muangalie kama waya na tiyo vinafika kwenye mipira ya nyuma, hata ule wa ndani wa kamyo.
- Muulize kama valvu, tiyo na fizibu za kubadilisha zinapatikana hapa Bukavu.

Nani atachunga ufunguo?

Kompresa ya koperative inakufa haraka kuliko ya mutu mumoja, juu kila mutu anaitumikisha na hakuna anayeipangusa. Kamati ichague muchungaji mumoja na musaidizi wake. Kuwe na daftari: tarehe, jina, gari gani, dakika ngapi. Mwanamemba alipe kidogo, mutu wa inje alipe zaidi, na ile feza iwekwe kando kwa ajili ya kutengeneza.

Mbele ya kupiga kura, mupige hesabu ya miezi tatu yenye kupita: mara ngapi mulilipa quado, mara ngapi gari ilisimama, na muzigo gani uliharibika. Kama hesabu iko ndogo, munue kipimo cha upepo na pompi ya miguu, na mupime kila siku ya kwanza ya juma. Kama iko kubwa, musome tena aina ine za hapo juu pamoja na shofere wenu. Na kama hamujakubaliana ni nani atachunga ufunguo, muongoje kidogo mbele ya kununua.