Makabaka Wanne wa Kasubi na Vyumba vya Giza Mengo

Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 moto uliwaka kwenye kilima cha Kasubi, Kampala, ukateketeza Muzibu Azaala Mpanga, jumba kubwa la nyasi walimozikwa makabaka (wafalme) wanne wa Buganda. Watu walimiminika kilimani wakilia. Anayetaka kuijua Uganda kwa kutembea aanzie hapo.

Kabaka Muteesa wa Kwanza alijenga ikulu yake Kasubi mwaka 1882, na alipofariki mwaka 1884 akazikwa humo humo. Hilo lilikuwa jipya. Wafalme waliomtangulia walizikwa bila taya, na taya zao zikatunzwa mahali pengine pa heshima. Muteesa alizikwa mwili mzima. Enzi yake ndiyo iliyobadilisha mambo: misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka Zanzibar ilifika barazani kwake na mwenyewe akafunga Ramadhani, kisha mvumbuzi Stanley akaja mwaka 1875, wamisionari wa Kianglikana mwaka 1877, na mapadri Wafaransa miaka miwili baadaye. Dini zote hizo zingali na vilima vyao mjini.

Mwanae, Mwanga, alipigana na Waingereza, akakamatwa na kupelekwa Ushelisheli, akafia huko mwaka 1903. Mabaki yake yalirejeshwa mwaka 1910. Daudi Chwa, aliyetawazwa akiwa mtoto mchanga, alifariki mwaka 1939. Wa nne ni Edward Muteesa wa Pili, rais wa kwanza wa Uganda huru, aliyefia London mwaka 1969. Wawili kati ya wanne, basi, walikata roho ugenini, na siasa ndiyo iliyowafikisha huko.

Kisa cha huyo wa mwisho kinaendelea Mengo, kilima kisicho mbali. Tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya kiongozi wa serikali, Milton Obote, yakiongozwa na Idi Amin, yalishambulia Lubiri, ikulu ya Kabaka. Muteesa aliponea chupuchupu, akakimbilia Uingereza. Ikulu ikageuzwa kambi ya jeshi, na ndani ya uzio wake vingali vyumba vya zege vyenye giza ambamo wafungwa waliteswa na kuuawa enzi za utawala wa Amin. Na ni Amin huyo huyo aliyeurudisha mwili wa Muteesa mwaka 1971, ukazikwa Kasubi kwa heshima zote.

Kasubi imejengwa upya. Ilichukua miaka mingi, kwa kuwa paa lile haliezekwi na fundi yeyote: kazi hiyo ni ya ukoo wa Ngeye, na wazee wanaoijua walikuwa wachache, hivyo vijana wakafundishwa papo hapo juu ya matete na nyasi. Mwaka 2023 UNESCO iliiondoa Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini. Huo ni ushindi wa kujivunia.

Lakini fahari ya Kasubi haikamiliki bila uchungu wa Mengo. Watoto wakioneshwa makaburi pekee watadhani historia ya nchi yao ni ngoma na mavazi ya gome la mti. Walimu wanaopeleka wanafunzi Kasubi wawafikishe na Lubiri siku hiyo hiyo, wavione vile vyumba, waambiwe nani alivitumia na kwa nini.