Shuka na mtoto boti inapojazwa petroli
Mama, boti ikisimama kujaza petroli, shuka na watoto kwanza, hata nahodha akisema ni dakika moja tu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupai juu, bali hutuama chini ya boti, palepale watoto wanapopenda kukaa. Cheche ya swichi au sigara inatosha kuulipua. Dumu nalo lijazwe likiwa chini, nchi kavu. Rudini harufu ikishaisha kabisa na injini ikishawashwa.

Petroli iliyobaki isiwekwe kwenye chupa ya maji au soda. Mtoto akiinywa, usimtapishe, wala usimlazimishe kunywa maziwa: akitapika, petroli inaweza kuingia kwenye mapafu. Mwahishe hospitali, hata kama anaonekana mzima.