Kamili, Sahihi, Barabara: Maneno ya Kipimo

Mwanasayansi hupima, kisha husema alichopima. Kazi hizi mbili ni ngumu sawasawa. Mtu aweza kupima vema akasema vibaya, na msikilizaji asipate faida yoyote. Katika sura hii tutachunguza maneno ambayo Kiswahili hutumia kuonyesha kwamba kipimo ni cha hakika. Maneno hayo hukaribiana sana, lakini hayalingani.

Kamili maana yake ni bila kupungua wala kuzidi. Tunasema saa mbili kamili, yaani mshale mrefu umeelekea juu kabisa, wala si dakika moja mbele au nyuma. Sahihi ni kinyume cha kosa: jibu sahihi, mizani sahihi. Neno hilohilo hutumika pia kwa alama ambayo mtu huandika kwa mkono wake chini ya barua, kwa kuwa huthibitisha kwamba maneno yaliyomo ni yake. Halisi ni kitu chenyewe kisichochanganywa na kingine. Uzito halisi wa mahindi ni uzito wa mahindi peke yake, baada ya kuondoa uzito wa gunia.

Neno barabara lataka uangalifu. Mkikaza silabi ya tatu mnataja njia kuu, kama ile itokayo Karatu kwenda lango la Ngorongoro. Mkikaza silabi ya pili, ba-RA-ba-ra, mnasema sawasawa, bila kasoro: mlango umefunga barabara. Neno hili la pili lina asili ya Kiajemi. Herufi ni zilezile, na masikio ndiyo yanayotofautisha.

Sasa tutazame jambo ambalo hata watu wazima hulisahau. Fikirini mizani iliyoharibika. Kila mara mwekapo gunia lenye uzito wa kilo 48, mshale huonyesha kilo 50 kamili. Mkilipima gunia hilo mara kumi, mtapata 50 mara kumi. Mizani hiyo haibadiliki, nayo husomeka vizuri sana. Lakini si sahihi. Kosa lake halitaonekana kwa kurudia kupima. Litaonekana tu mkiweka juu yake jiwe la mizani ambalo uzito wake unajulikana kwa hakika. Ndiyo sababu katika Tanzania kuna Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, ambao hukagua mizani za wafanyabiashara.

Lakini jiwe la mkaguzi nalo hulinganishwa na nini? Kuanzia mwaka 1889 hadi tarehe 20 Mei 2019, kilo ya dunia nzima ilikuwa kipande kimoja cha madini ya platini yaliyochanganywa na iridi, kilichohifadhiwa Sèvres, karibu na Paris, nchini Ufaransa. Sasa kilo huelezwa kwa kanuni ya maumbile isiyobadilika, maana kipande cha madini, hata kikitunzwa namna gani, chaweza kubadilika kidogo sana kadiri miaka inavyopita.

Turudi nyumbani. Wakulima wa Endamarariek hulima mahindi, maharage, ngano na mbaazi, na mazao mengi hupimwa kwa debe. Fanyeni jaribio hili. Jazeni debe mahindi, kisha pitisheni ubao ulionyooka juu ya mdomo wake ili mahindi yasawazike. Pimeni uzito wake. Halafu ongezeni mahindi mpaka yafanye kilima na kuanza kuporomoka, mpime tena. Vyote viwili huitwa "debe moja" sokoni. Tuseme mmepata kilo 17 kwa debe lililosawazishwa na kilo 19 kwa debe lenye kilima. Mzazi akiuza madebe 12 yenye kilima kwa bei ya debe lililosawazishwa, ametoa kilo 24 bila malipo. Hizo ni zaidi ya debe zima! Gunia nalo hufanyiwa vivyo hivyo: lililojazwa kupita kiasi na kuongezewa kichwa juu huitwa lumbesa, na sheria ya vipimo inalikataza.

Je, kipimo kizuri lazima kiitwe kamili? Hapana. Kiswahili kina maneno mengine: takriban, yapata, kama, kiasi cha, hivi. Wanafunzi wengi hudhani maneno haya ni ya mtu mvivu. Tazameni mfano wa Bonde la Olduvai, ng'ambo ya kreta ya Ngorongoro. Mwaka 1959 Mary Leakey aligundua huko fuvu la kiumbe wa kale aliyepewa jina la Zinjanthropus. Mwaka 1961 wataalamu walitangaza kwamba umri wake ni takriban miaka 1,750,000. Walipima majivu ya volkano yaliyokuwa pamoja na mabaki hayo, kwa sababu ndani ya majivu ya namna hiyo potasi hugeuka polepole kuwa gesi ya argoni. Kadiri argoni ilivyo nyingi, ndivyo majivu yalivyo ya zamani. Mtu angesema "miaka 1,750,000 kamili", angedai kujua mwaka wenyewe, jambo ambalo kipimo hicho hakiwezi kuonyesha. Hapo neno takriban ndilo sahihi, na neno kamili ndilo kosa.

Mwaweza kuliona jambo hili katika uwanja wa shule. Chomekeni kijiti kilichonyooka, kisimame wima. Kuanzia saa 6 kamili mchana kwa saa ya redio, wekeni alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika 5, hadi saa 7 na nusu. Kivuli kitafupika, kisha kitaanza kurefuka. Kitakapokuwa kifupi kuliko vyote, hapo jua limefika juu kabisa. Mtastaajabu kuona kwamba saa 6 imekwisha kupita!

Sababu yake ni hii. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani uzi mmoja kwa dakika 4. Saa ya Tanzania hufuata longitudo ya nyuzi 45 Mashariki, ipitayo Bahari ya Hindi mashariki ya nchi yetu. Endamarariek iko kati ya nyuzi 35 na 36, kwa hiyo jua huchelewa kuifikia kwa dakika kati ya 36 na 40. Dar es Salaam, iliyo kwenye nyuzi 39 hivi, huchelewa dakika 24 hivi. Aidha, wakati huo huwahi au hukawia kwa kiasi cha robo saa kufuatana na miezi, kwa sababu ya mwendo wa dunia kulizunguka jua. Basi rudieni jaribio baada ya mwezi mmoja, mlinganishe.

Maswali

1. Tungeni sentensi mbili kwa neno barabara, kila moja kwa maana yake. Zisomeni kwa sauti.

2. Pimeni urefu wa ubao wa darasa kwa shubiri za wanafunzi watano, kisha kwa rula. Ni vipimo vipi vilivyotofautiana zaidi? Kwa nini?

3. Mfanyabiashara asema, "Mizani yangu haijawahi kubadilika." Je, maneno hayo yatosha kuthibitisha kwamba ni sahihi?

4. Waulizeni wazee maneno ya lugha ya nyumbani yenye maana ya "kamili" na "takriban". Yaandikeni, pamoja na kitu ambacho kila neno hutumika kukipimia.